Baba, mkojo wako unasema nini?

Mwezi huu naomba wababa wakae karibu, na wamama wasifunge gazeti, kwa sababu neno hili linawafikia na wao. Tutaongea juu ya mkojo wa mwanaume. Najua kuna watakaosema: je, haya ni maneno ya kuandika katika gazeti la kanisa? Basi nitawaambia jambo ambalo wachungaji wote wa mtaa wanalijua. Wababa hawaji kwetu mchana juu ya neno hili. Wanakuja giza ikisha kuingia. Wanaongea kwanza juu ya mvua, kiisha bei ya unga, kiisha masomo ya watoto, na pale wanaposimama ili waende, mkono uko tayari mlangoni, ndipo wanasema kwa sauti ya chini: "Pasta, mayi inakatala kutoka." Ama: "Usiku naamka mara tano, bibi anaanza kuuliza." Ama lile neno gumu zaidi: "Niliona damu."

Na karibu wote, mbele ya kufika kwetu, wamekwisha kupita kwa muuza dawa. Amewauzia vidonge vya ciprofloxacine vya siku tatu, amewapiga sindano ya gentamicine, bila kupima kitu hata kimoja. Gentamicine ni dawa nzuri mahali pake, lakini ikitumiwa ovyo inaumiza mafigo. Mtu anaingia na shida ya kibofu, anatoka na shida mbili.

Sasa vijana wananiuliza swali jipya. Wameona bandeleti za kupima mkojo zinauzwa katika farmasi, wameona watu wanaongea na munganga kwa simu, na wanasema: Pasta, tunaweza kumpima baba hapa nyumbani? Munganga wa Lubumbashi anaweza kumsaidia kwa simu, bila baba kulipa safari ya kilometa 120? Jibu langu ni ndiyo, lakini sikilizeni vizuri hiyo ndiyo inaishia wapi. Bandeleti na simu vinaweza kutoa neno lililofichwa na kulifikisha kwa mtu anayelijua. Haviwezi kumwambia baba kwamba yeye ni mzima. Wengi wanavinunua juu ya hiyo ya pili, na hapo ndipo hatari iko.

Tuanze na bandeleti. Ni kipande chembamba cha plastiki chenye miraba midogo ya rangi. Kila mraba unatafuta kitu chake: sukari, protini, damu, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, nitriti ambayo vijidudu vingi vinaitengeneza, na vingine. Zamani, ili kujua kama mkojo una sukari, ilikuwa lazima kuuchemsha juu ya moto pamoja na dawa ya rangi ya bluu. Mwaka 1941 kampuni Miles ya Elkhart, huko Marekani, ikatoa kidonge cha Clinitest. Mwaka 1956 bibi na bwana waliofanya kazi pale pamoja, Helen Free na Alfred Free, wakatoa Clinistix, ya kuchovya tu na kusoma. Mama Helen alikufa mwaka 2021, akiwa na miaka 98. Bandeleti zote tunazoziona leo zimetoka katika kazi ile.

Kuitumia si kazi ngumu, lakini watu wanaiharibu. Chukua kopo safi na kavu. Mkojo wa kwanza uache uende, ule wa katikati ndio unaukinga. Mkojo wa asubuhi ni mzuri zaidi, kwa sababu vijidudu vinahitaji saa nne hivi ndani ya kibofu ili nitriti ionekane. Chovya bandeleti na kuitoa mara moja, pangusa ukingo wake juu ya kopo, kiisha angalia saa. Kila mraba una dakika yake, imeandikwa juu ya chupa. Ule wa chembe nyeupe unangoja karibu dakika mbili. Soma mchana mahali penye mwangaza, siyo chini ya taa ya mafuta. Funga chupa mara moja, kwa sababu bandeleti ikipata unyevu imekufa, hata kama rangi zake bado ni nzuri. Ndiyo maana nawaambia: wale wanaouza bandeleti mojamoja sokoni, zimefungwa katika kipande cha gazeti, bila chupa, bila tarehe, bila karatasi ya rangi, msiwape hata franka moja.

Na rangi inaweza kudanganya. Vitamini C nyingi inaficha sukari na damu. Mtu anayekunywa dawa za kifua kikuu, rifampicine ndani yake, atakojoa rangi ya machungwa, na hiyo si damu. Tena mtu aliyepiga nyundo na kubeba mifuko ya mawe siku nzima anaweza kuwa na mraba wa damu uliogeuka rangi, kwa sababu nyama za mwili zikiumia sana kwa kazi zinatoa kitu ambacho bandeleti inakiona sawa damu. Wachimbaji walio katika nyumba yako wajue hilo. Lakini wasilitumie kama kisingizio: mraba ukigeuka, pumzika siku mbili, pima tena, na ukigeuka tena, uende labo.

Kitu ambacho bandeleti inafanya vizuri kabisa ni kukamata sukari. Baba anaamka usiku mara nne, anakunywa maji mengi, anakonda, na watu wanasema ni uzee ama amerogwa. Mraba wa sukari unageuka, anapelekwa kupima damu, kumbe ni kisukari. Kwa jambo hilo peke yake, bandeleti inastahili bei yake.

Lakini prostati haioni. Prostati ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mwanaume, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Mwanaume akizeeka, inakua, inaminya njia. Mkojo unakuja kidogokidogo, unasimama, unaanza tena, unabaki ndani. Bandeleti ya muzee huyu inaweza kuwa safi kabisa, miraba yote mizuri, na ndani kibofu kimejaa, kinasukuma mkojo nyuma mpaka mafigo yanaanza kufa. Kuna tena vipimo vya PSA vya nyumbani, vya kuchoma kidole kama vile vya malaria, vyenye mstari mmoja ama miwili. Mimi sipendi mtu avifanye peke yake. PSA inapanda kwa kansa, ndiyo, lakini inapanda pia kwa prostati iliyokua tu bila kansa, kwa vijidudu, kwa sonda, hata kwa kulala na bibi siku iliyotangulia. Na inaweza kubaki chini wakati kansa iko. Muzee anayeona mistari usiku peke yake chumbani, atalala namna gani? Kipimo hiki kifanywe pale ambapo kuna mtu wa kukieleza, na kidole cha munganga cha kuchunguza prostati. Ndiyo, kidole. Wababa wanacheka, kiisha wanakimbia. Simu haina kidole.

Hapa kwetu kuna jambo la pili ambalo bandeleti haiwezi kuliona, na watu wa Likasi inatupasa kulijua kuliko wengine. Nazungumza juu ya vyuma na udongo wa migodi. Shinkolobwe iko karibu nasi, upande wa magharibi, kilometa 20 na kidogo. Robert Rich Sharp alivumbua madini yake mwaka 1915. Tangu mwaka 1922 radiumu yake ilitengenezwa Olen, huko Ubelgiji, ikatumiwa na wanganga kuunguza kansa. Kiisha uraniumu yake ikaingia katika bomu la Hiroshima, mwaka 1945. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa na visima vyake kuzibwa kwa saruji. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wa mikono walirudi kwa wingi, wakitafuta kobalti, mpaka amri ya Raisi ya Januari 2004 ikafunga mahali pale, na mwezi wa saba wa mwaka ule ule shimo likaporomoka na kuua watu. Kijiji kilibomolewa, watu wakatawanyika. Wengi wa wale vijana wa wakati ule leo ni wababa wa miaka 45, 50, 60. Wameketi katika benchi zetu. Ndio wanaoamka usiku.

Watu wanapofikiri juu ya uraniumu wanaogopa miali yake tu. Lakini uraniumu ikiingia tumboni ama mapafuni na kufika katika damu, mafigo ndiyo yanaitoa kwa njia ya mkojo, na mafigo ndiyo yanaumia kwanza. Kadmiumu inafanya hivyo hivyo. Elewa namna figo inavyofanya kazi: kuna chujio, na nyuma ya chujio kuna mirija midogo sana inayookota vitu vizuri na kuvirudisha katika damu. Chujio likitoboka, protini kubwa inayoitwa albumini inapita, na bandeleti inaiona. Lakini vyuma hivi vinaumiza mirija. Basi protini ndogondogo ndizo zinazopita, na bandeleti ya kawaida haizioni, ama inaziona vibaya. Huko Japani, katika bonde la mto Jinzu, kadmiumu ya mgodi iliingia katika maji na mashamba ya mpunga, wamama wengi wakavunjika mifupa na kuharibika mafigo; serikali yao ilikubali mwaka 1968 kwamba ni kadmiumu. Wanganga wa kule walijifunza kutafuta protini hizo ndogo katika labo. Hapa kwetu, mchimbaji ama mfanyakazi wa kiwanda mwenye bandeleti safi asiseme, "mafigo yangu ni mazima." Aombe kipimo cha kreatinini katika damu, na amwambie munganga wazi: nilichimba mahali fulani, miaka fulani, nilikunywa maji ya mto fulani.

Na hili si maneno ya kuogopesha watoto. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, walitoa matokeo ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa chini ya kilometa tatu toka mgodi ama kiwanda walikuwa na vyuma katika mkojo kupita waliokaa mbali, uraniumu ndani yake. Kobalti yao ilikuwa ya juu kupita yote iliyokuwa imeandikwa mpaka wakati ule kwa watu wa kawaida popote duniani. Angalieni: walikuwa familia, wamama na watoto pamoja, siyo wachimbaji tu. Mkojo ulisema. Lakini ulisema kwa mashine kubwa za labo, hakuna bandeleti ya farmasi inayosoma kobalti.

Basi nyumbani tufanye nini? Mimi nasema kitu cha kwanza si kununua. Ni kuandika. Chukua chupa ya plastiki, ikate juu, weka alama kwa maji uliyoyapima: 100, 200, 300, mpaka 500. Hiki ni chombo cha baba, watoto wasikiguse, wala kisirudi jikoni! Kwa siku tatu, usiku na mchana, baba anakojoa ndani yake na kuandika katika kaye: saa, kipimo, na alichokunywa. Kama kwa siku moja jumla inapita lita tatu, munganga atafikiri sukari ama kunywa kupita kiasi. Kama jumla ni ya kawaida lakini sehemu kubwa inatoka usiku, atauliza juu ya moyo, juu ya miguu inayovimba, juu ya pombe na chai za jioni. Kama kila mara ni kidogo, kidogo, kidogo, atafikiri kibofu na prostati. Kaye moja ya franka chache inafungua njia tatu.

Tena hesabu sekunde. Ngoja kibofu kijae vizuri, kojoa ndani ya chupa huku mtu wako ama saa inahesabu. Gawa kipimo kwa sekunde. Mwanaume aliyetoa mililita 300 kwa sekunde 20, hiyo ni 15 kwa sekunde, mkojo unapita. Aliyetoa 200 kwa sekunde 40, hiyo ni 5 tu, kuna kitu kinazuia ama kibofu kimechoka. Chini ya mililita 150 usihesabu, haitasema kweli. Hospitali zina mashine ya kupima jambo hili kwa usahihi zaidi, maana hesabu yako ni ya wastani na mashine inaona kilele. Sasa kuna vyombo vya nyumbani vinavyounganishwa na simu, na hata programu zinazosikiliza sauti ya mkojo ukianguka katika maji ya choo na kukadiria kasi yake. Jambo la ajabu. Lakini inataka choo chenye maji ndani. Kwa choo cha shimo, simu itasikia nzi tu.

Kiisha kuna maswali saba. Wanganga wa Marekani waliyatunga mwaka 1992, na leo yanatumiwa ulimwenguni pote. Katika mwezi uliopita: mara ngapi uliona kibofu hakikuisha? Mara ngapi ulirudi kukojoa mbele ya saa mbili kupita? Mara ngapi mkojo ulisimama na kuanza tena? Mara ngapi ulishindwa kungoja? Mara ngapi ulikuja dhaifu? Mara ngapi ulijikaza ili uanze? Haya sita, kila moja linapata alama toka 0, maana yake hata mara moja, mpaka 5, maana yake karibu kila mara. La saba ni mara ngapi unaamka usiku, toka 0 mpaka 5. Jumla ni 35. Mpaka 7 ni shida ndogo, toka 8 mpaka 19 ni ya katikati, 20 na kupita ni kubwa. Maswali haya hayasemi kama ni kansa ama hapana. Yanampa munganga kipimo cha taabu yako, na baada ya miezi mitatu ya dawa mnahesabu tena na kuona kama dawa inafanya kazi.

Na hapo ndipo simu inapata kazi yake kweli. Baba mwenye kaye ya siku tatu, hesabu ya maswali saba, picha ya bandeleti iliyochukuliwa mchana karibu na karatasi ya rangi, na majina ya dawa zote anazokunywa, anaweza kuongea na munganga dakika kumi na kupata faida kuliko yule aliyesafiri siku nzima akafika na kusema tu "ninaumwa chini." Dawa hasa! Kuna vidonge vya mafua na vya kikohozi vinavyoweza kufunga mkojo wa mwenye prostati kubwa kwa usiku mmoja. Munganga akisikia jina lake kwa simu, anaweza kukuokoa kwa neno moja: acha. Simu ni nzuri tena kwa kufuata dawa. Tamsulosine inalegeza njia kwa siku chache, lakini inaweza kuleta kizunguzungu ukisimama haraka. Finasteride inapunguza tezi polepole, karibu miezi sita. Wangapi wameiacha mwezi wa kwanza wakisema haifanyi kitu, juu hapakuwa na mtu wa kuwaeleza?

Jirani zetu wamejaribu jambo hili kwa ukubwa. Huko Rwanda, tangu mwaka 2016, kampuni Babyl iliwapa watu munganga kwa simu, hata simu ndogo ya vitufe, na zaidi ya watu milioni mbili walijiandikisha. Mwaka 2020 serikali ilifanya mapatano nayo ya miaka kumi. Lakini mama yake, kampuni Babylon ya Uingereza, ilianguka mwaka 2023, na kazi ya Rwanda ikafungwa mwaka ule ule. Kule Kampala, Rocket Health inampa mtu munganga kwa simu na kutuma mtu kuchukua damu na mkojo nyumbani kwa kupeleka labo. Naona hilo ni wazo zuri kupita programu tupu, kwa sababu mwisho wake kuna labo. Hapa kwetu telemedisini ya wengi ni namba ya munganga na WhatsApp basi. Na Rwanda inatufundisha: kaye yako ibaki kwako. Kampuni ikifungwa, simu ikiibwa, munganga akihama, kaye iko ndani ya sanduku.

Lakini munganga yupi? Hapo muwe macho. Mtu anayekujibu kwa sauti tamu, anataja ugonjwa mbele ya kuuliza umri wako, kiisha anakuuzia mwenyewe dawa ya "kusafisha prostati" na kutaka utume M-Pesa kwanza, huyo si munganga, hata kama picha yake imevaa blusi nyeupe. Uliza jina lake lote, hospitali anayofanyia kazi, na namba yake katika Ordre des Médecins. Munganga wa kweli hakasiriki kuulizwa. Njia nzuri kupita zote ni kuanza na munganga aliyekushika kwa mkono wake mara moja, hapa Likasi ama Lubumbashi, kiisha kuendelea naye kwa simu.

Na siri. Mkojo wa baba usipelekwe katika grupu ya wababa wa kanisa. Mnacheka, lakini picha za namna hiyo zinatembea. Kama baba hana simu ya kioo, nani ataishika? Hapa kwetu mtoto mwanaume kusikia habari za chini za baba yake ni haya kubwa, na mkwe ndiyo kabisa usiseme. Lakini babu na mjukuu wana utani wao, wanaambiana mambo ambayo baba na mtoto hawawezi. Basi mjukuu wa miaka 16 na kupita, mwenye akili na mdomo mfupi, ashike simu, aandike namba, kiisha afute picha. Vijana, hiyo ni kazi yenu. Kama hakuna mjukuu, bibi wa nyumba ndiye wa kwanza, maana yeye anahesabu kuamka kwa usiku kuliko baba mwenyewe. Na wamama, mkimwuliza, ulizeni kwa shida ya ugonjwa, siyo kwa mashaka. Baba akisikia mashaka, anafunga mdomo mwaka mzima.

Kuna mambo ambayo hayangoji simu wala bandeleti, na hapa nasema kwa nguvu. Mkojo ukikataa kabisa na tumbo la chini likavimba na kuuma, tafuta gari usiku ule ule, sonda inawekwa kwa dakika chache na mtu anapona mateso. Kukaa mpaka asubuhi kunaweza kuharibu mafigo. Homa yenye kutetemeka pamoja na maumivu ya mgongo ama ya chini, uende. Korodani ya kijana ikiuma ghafula na kuvimba, uende saa ile ile, maana inaweza kuwa imejinyonga, na saa sita zikipita wanaweza kuikata. Miguu ikilegea pamoja na mgongo kuuma na mkojo kupotea, uende. Na damu inayoonekana kwa macho, hata mara moja, hata bila maumivu, hata ikiisha yenyewe: siku hizi chache uende kwa munganga wa kweli. Inaweza kuwa kichocho, yule mdudu ambaye Theodor Bilharz alimwona Cairo mwaka 1851, na dawa yake praziquantel ni rahisi. Inaweza kuwa jiwe. Inaweza kuwa kansa ya kibofu, na hiyo inakuja bila kuuma, ndiyo ubaya wake. Kwa kijana anayetoa usaha, wengi wanaita sopisi, bandeleti haitamwambia jina la kijidudu. Aende yeye na mwenzake, wapimwe na kutibiwa pamoja, ama watarudishiana.

Ndugu mmoja wa Kikula ametuuliza: "Nina miaka 58. Nilinunua bandeleti, nimepima mara tatu, zote ni safi. Lakini naamka mara tano usiku, na najikaza ili nianze. Mwanangu anasema kwa kuwa ni safi, ningoje. Ningoje?"

Hapana, baba, usingoje. Bandeleti imekuambia tu kwamba siku zile tatu haikuona sukari wala damu, basi. Kuamka mara tano, peke yake, ni alama 5, na kujikaza ni nyingine mpaka 5. Jibu yale maswali matano yaliyobaki na uandike jumla. Anza kaye leo jioni. Siku ya nne uende hospitali mbele ya saa mbili asubuhi, na kaye mkononi, umwombe munganga achunguze prostati kwa kidole, akupime kreatinini na PSA, na kama kuna ekografi, waangalie mkojo unaobaki ndani baada ya kukojoa. Na kama uliwahi kuchimba Shinkolobwe mbele ya mwaka 2004, mwambie na hilo, hata asipouliza.